ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO: Orodha ya Majengo na Madarasa ya Watoto Wetu

Ndugu wafanyakazi,

Mwezi uliopita mambo mawili yalitokea katika mji wetu kwa juma moja, na wengi wetu tuliliona moja tu. La kwanza, baraza la mji lilibandika tangazo kwamba orodha mpya ya thamani ya majengo iko wazi katika ofisi ya karani wa mji, na kila asiyeridhika alete neno lake kwa maandishi kabla ya siku 30 kwisha. La pili, kamati ya elimu ya baraza hilohilo ilitangaza kwamba fedha za kumalizia madarasa mawili ya shule ya msingi iliyo karibu na laini zetu hazipo. Kuta zimesimama tangu mwaka juzi, mabati hakuna. Watoto wa darasa la tatu wanasoma chini ya mfenesi, na mvua ikinyesha wanarudi nyumbani.

Habari ya shule ilitufikia siku ileile, kwa sababu wazazi waliambiwa walete mchango wa jengo. Habari ya orodha ya majengo haikutufikia kabisa. Tangazo tulipita mbele yake tukienda zamu, tukasema: "Hayo ni mambo ya wenye nyumba. Sisi ni wapangaji, yatuhusu nini?" Sisi wa kamati ya elimu ya tawi tunakiri kwamba nasi tulisema hivyo. Makala haya tunayaandika ili kusahihisha kosa letu wenyewe kabla hatujamsahihisha mwingine. Mambo hayo mawili ni jambo moja, na mfanyakazi asiyelijua ndiye atakayelilipia.

Tuanze na historia kidogo. Kodi ya nyumba si ngeni katika nchi yetu ya Uganda. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba au kibanda cha kukaa watu. Iwe ni jumba la mkubwa lenye ua na vyumba vingi, au kibanda cha nyasi cha mkulima, rupia ni zile zile 3. Hapakuwa na mthamini wala orodha. Matokeo yake yanajulikana: aliyekuwa na mazao ya kuuza alilipa bila kuhisi, na asiyekuwa na kitu alitoka kwenda kutafuta kibarua ili apate rupia za serikali. Wengi waliokuja kwenye mashamba na barabara miaka ile walisukumwa na kodi.

Baadaye ikaja kodi ya kichwa iliyopangwa kwa madaraja. Wazee wetu wanaikumbuka vizuri: askari wa gombolola alfajiri, wanaume kulala ndani ya miwa, na kuonyesha tiketi kila penye kizuizi. Kodi hiyo ilisimamishwa mwaka 2005, na watu wakafurahi. Lakini mabaraza ya miji na magombolola yalipoteza mfuko mkubwa. Mwaka 2008 ukaletwa ushuru wa huduma za mitaa, ambao kila mmoja wetu anauona katika karatasi ya mshahara tangu mwezi wa Julai hadi Oktoba.

Hebu tuutazame ushuru huo. Kwa ngazi zilizowekwa mwaka 2008, anayepata kati ya shilingi 200,000 na 300,000 kwa mwezi anakatwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Anayepita milioni 1 anakatwa 100,000. Hapo ngazi inakwisha. Fundi mkuu anayepata milioni 1 na nusu na mkurugenzi anayepata milioni 20 wanakatwa sawasawa. Hatusemi kwamba ushuru huu usilipwe. Tunasema kwamba mfanyakazi hulipa kabla hajaigusa fedha yake. Hana mthamini wa kuzungumza naye, hana rufani, hana mahali pa kujificha. Karani wa mishahara anakata, basi.

Mwenye majengo hayuko hivyo. Kodi yake inategemea kile kilichoandikwa katika orodha, na orodha huandikwa na binadamu. Ndiyo maana orodha hiyo ni mali yetu pia.

Jinsi kodi ya majengo inavyofanya kazi

Sheria inayohusika ni ile ya mwaka 2005. Inavipa vyombo vya serikali za mitaa uwezo wa kutoza kodi juu ya majengo ya biashara, viwanda, maghala na nyumba za kupangisha. Nyumba ambayo mwenyewe anakaa na jamaa zake imesamehewa. Nyumba za ibada zimesamehewa. Kiwanja kitupu kisicho na jengo hakihesabiwi.

Mthamini anaangalia jengo na kukadiria lingeweza kupangishwa kwa kiasi gani kwa mwaka. Anaondoa kiasi fulani kwa ajili ya matengenezo na gharama nyinginezo. Kinachobaki ndicho kinachoandikwa, na baraza linatoza sehemu ya hicho. Katika jiji la Kampala sehemu hiyo ni asilimia 6.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuchukue mstari wa vyumba 10, vile tunavyoviita mizigo, kila kimoja shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mwenye nyumba anakusanya shilingi 6,000,000. Tuseme mthamini anaondoa moja ya tano kwa matengenezo, inabaki 4,800,000. Asilimia 6 yake ni shilingi 288,000. Igawe kwa vyumba 10 na kwa miezi 12, utapata shilingi 2,400 kwa chumba kwa mwezi.

Ishike namba hiyo, ndugu, kwa sababu utaihitaji. Siku mwenye nyumba atakapokuja mlangoni kusema, "Baraza limeniwekea kodi, kwa hiyo naongeza 10,000," ujue kwamba anataka 1,200,000 kwa mwaka ili alipe 288,000. Shilingi 912,000 zilizobaki si kodi ya baraza. Ni zake. Tena Sheria ya Wapangishaji na Wapangaji ya mwaka 2022 inasema pango lisiongezwe kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa chumba cha 50,000, hiyo ni 5,000 na si 10,000.

Sasa tuchukue ghala moja kubwa. Tuseme leo linapangishwa kwa milioni 20 kwa mwezi, lakini katika orodha limeandikwa kwa thamani ya zamani, milioni 5. Tofauti ni milioni 15 kwa mwezi, yaani milioni 180 kwa mwaka. Ondoa moja ya tano, inabaki milioni 144. Asilimia 6 yake ni shilingi 8,640,000. Hizo ndizo fedha ambazo mji unazikosa kila mwaka kwa ghala moja tu. Kila mwenzetu aliyewahi kununua mabati anaweza kufanya hesabu ya paa la madarasa mawili mwenyewe.

Thamani inapozeeka

Orodha ya majengo inapaswa kufanywa upya kila baada ya miaka michache, kwa sababu mji hukua na bei hubadilika. Lakini mabaraza huchelewa. Kampala yenyewe ilitumia orodha ya mwaka 2005 kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kuthamini upya. Kwa jirani zetu wa Kenya, jiji la Nairobi lilitumia orodha ya tangu miaka ya 1980 kwa karibu miaka 40. Huko wanatoza thamani ya ardhi badala ya jengo, lakini ugonjwa ni huohuo.

Orodha inapozeeka, anayefaidika ni yule ambaye mali yake imepanda sana, naye ni mwenye ghala karibu na reli, mwenye jumba la ghorofa katikati ya mji, mwenye duka kubwa stendi. Mji unapokosa fedha kutoka kwake, hauachi kuzihitaji. Huzitafuta kwa mama anayeuza ndizi sokoni, kwa mwenye bodaboda, na kwa mchango wa wazazi shuleni. Fedha zilizosamehewa juu hutafutwa chini.

Kwa sababu hiyo tulipopata habari tuliwatuma wanachama wawili waende kuisoma orodha ya mji wetu. Hakuna aliyewazuia, karani aliwapa kiti na meza. Walikaa asubuhi nzima. Waliyoyaona ni haya. Mizigo ya kupangisha katika vitongoji vyetu imeandikwa kwa pango la leo, na karibu kila mstari uko sawa. Lakini maghala kadhaa makubwa yameandikwa kwa thamani ambayo haimudu hata pango la miaka 10 iliyopita. Majengo mawili ambayo kila mtu anayaona kwa macho hayamo kabisa katika orodha.

Hatumtuhumu mtu kwa rushwa. Huenda mthamini alifungiwa geti, huenda alipewa karatasi za zamani. Lakini tunauliza: kwa nini makosa yote yameelekea upande mmoja? Kwa nini hakuna hata mzigo mmoja wa chumba na sebule uliosahauliwa?

Fedha za shule hupitia wapi

Mtu atatuambia: "Ninyi mnachanganya mambo. Madarasa hujengwa kwa fedha za serikali kuu, si kwa kodi ya majengo." Ni kweli kwa sehemu kubwa. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi waliongezeka kutoka karibu milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Hapakuwa na madarasa ya kuwatosha. Serikali ikaanzisha ruzuku ya majengo ya shule mwaka 1998, na madarasa mengi tunayoyaona vijijini yalijengwa kwa ruzuku hiyo.

Lakini ni nani anayeamua shule ipi ipate jengo kwanza? Ni baraza. Ni nani anayempa mkandarasi kazi? Ni baraza. Kuta zikisimama bila paa, ni nani wa kutafuta kilichopungua? Ni baraza, kwa mapato yake yenyewe. Na sheria ya kodi ya majengo inataka fedha hizo ziwarudie wakazi: barabara, taa za njiani, mitaro, uzoaji wa taka, na huduma nyingine ambazo wakazi wanazihitaji. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango wetu. Madarasa ya watoto ni huduma tunayoihitaji, nasi ni wakazi.

Tunalo pia fundisho kubwa kutoka nchini mwetu. Mwaka 1996 ulifanyika uchunguzi katika shule za msingi 250 kuona kama fedha za matumizi ya shule zilizotoka hazina zilifika. Iligunduliwa kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 zilizotumwa, shilingi 13 tu ndizo zilizoifikia shule kwa wastani. Nyingine zilipotelea njiani, katika ofisi za wilaya. Shule zilizopata zaidi ni zile ambazo wazazi wake walikuwa na uwezo na sauti. Shule za maskini mara nyingi hazikupata hata senti.

Ndipo serikali ikaanza kutangaza katika magazeti kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na kila shule ikatakiwa kubandika ukutani kiasi ilichopokea. Baada ya miaka michache, sehemu iliyofika shuleni ilipita shilingi 80 katika kila 100. Karatasi ukutani na mzazi anayeisoma vilisaidia kazi ambayo barua nyingi za wizara hazikuiweza. Ndugu, hilo halikutokea Ulaya. Limetokea hapa kwetu.

Basi tunauliza: karatasi ya jengo la shule yetu iko wapi? Ziliingia shilingi ngapi? Mkandarasi alilipwa ngapi, na kwa kazi gani? Mwalimu mkuu anasema hajui. Diwani anasema aulizwe mhandisi. Mhandisi anasema faili liko wilayani. Wakati faili linasafiri, watoto wako chini ya mfenesi.

Na kuhusu mchango wa jengo: Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 haikatazi mzazi kuchangia kwa hiari yake. Inakataza kumfukuza mtoto wa shule ya elimu kwa wote kwa sababu mzazi hakutoa. Mwezi uliopita watoto wa wakata miwa walirudishwa nyumbani. Mchango wa hiari hauna fimbo. Jambo hili tumelipeleka kwa kamati ya usimamizi wa shule, na tunangoja jibu kwa maandishi.

Neno la mzee wetu

Katika mkutano wa tawi mzee mmoja aliyefanya kazi kiwandani kwa miaka 31 alisimama akasema: "Wanangu, mnashangilia kodi. Mimi nimejenga vyumba vinne kwa kiinua mgongo changu. Kimoja nakaa na mama, vitatu napangisha, ndio pensheni yangu. Mtakapowaita wathamini, watakuja kwangu kwanza, kwa sababu mimi sina geti." Watu walinyamaza.

Mzee ana haki, na hatutaki kumjibu kwa maneno matamu. Chumba anachokaa kimesamehewa kwa sheria. Vitatu anavyopangisha vinaingia katika hesabu, na atalipa kitu. Kwa hesabu tuliyoifanya hapo juu, vyumba vitatu vya 50,000 vitatoa shilingi 86,400 kwa mwaka. Kwa mzee hizo si fedha ndogo. Lakini hatari yake kubwa ni hii: baraza linaloshindwa kufungua geti la ghala litamrudia yeye asiye na geti, mwaka baada ya mwaka, na kuongeza. Kinga yake ni orodha iliyo kamili na ya kweli, pamoja na wenzake watakaosimama naye akiandikiwa zaidi ya haki. Kwa hiyo tumekubaliana naye kwamba tawi litamwandikia pingamizi yeyote kati yetu ambaye nyumba yake imethaminiwa vibaya, kama tutakavyoandika juu ya maghala. Haki haiwezi kuwa ya upande mmoja.

Wengine wanaogopa kwamba kampuni ikilipa kodi zaidi kwa majengo yake, itasema haina fedha za nyongeza ya mishahara. Hofu hiyo tunaijua. Kila mwaka mezani tunaambiwa kuna jambo fulani lililomaliza fedha. Mwaka huu ni umeme, mwaka ule ni mafuta. Jibu letu ni moja: mishahara hujadiliwa katika mkataba wa pamoja, na vitabu vya hesabu vikiwa mezani. Kodi ya mji si zawadi ya kampuni kwa mji. Malori yake yanapita barabara za mji, na watoto wa wafanyakazi wake wanasoma shule za mji.

Yanayotupasa kufanya

Kwanza, siku 30 hazijaisha. Zimebaki siku 11. Tawi limeandika pingamizi juu ya majengo yaliyothaminiwa chini na yale mawili yasiyomo. Barua iko ofisini kwa katibu. Kila mkazi wa mji aje asome, na anayekubali aweke sahihi au dole gumba.

Pili, mahakama ya uthamini itakapokaa, tusiwaache wanachama wawili peke yao. Wenye maghala watakuja na mawakili. Sisi tuje na watu na hesabu. Wanaotoka zamu ya usiku wamekubali kuhudhuria asubuhi, na wa zamu ya mchana watapokea mchana.

Tatu, tumtake karani wa mji abandike katika mbao tatu, yaani ofisini, sokoni na shuleni, fedha zote za jengo la madarasa: zilizoingia, zilizotoka, na zilizobaki. Hatuombi siri ya mtu. Hizo ni fedha za umma.

Nne, tumtake diwani wetu asimame katika kikao cha bajeti aseme wazi ni kiasi gani cha kodi ya majengo kitamaliza paa la shule. Akisema hakuna, amuulize mwenyekiti kwa nini, na jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Tano, wazazi wanachama wagombee nafasi katika kamati ya usimamizi wa shule. Kiti kilichoachwa wazi hukaliwa na mwingine, naye haamui kwa niaba yetu.

Hatuahidi kwamba mambo haya yatashinda mwezi huu. Inawezekana mahakama ikakubali nusu ya pingamizi letu, na mabati yakachelewa tena. Lakini safari iliyopita, orodha ilipofunguliwa, jina la mfanyakazi halikuwamo hata mara moja katika daftari la waliokuja kusoma. Safari hii majina mawili yamo. Tunataka mwisho wa siku hizi 11 karani wa mji aongeze kurasa katika daftari lake.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Tuwepo.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Elimu ya Tawi